Uso, Usalama na Kura: Tunabishana Nini Hasa Tukibishana Juu ya Nikabu?

Haya ni maneno niliyoyatoa kwenye kikao chetu cha sauti Jumamosi usiku. Wengi wenu mliingia mkiwa mmechelewa, wengine bando likawaishia katikati, mkaniomba niyaandike. Nimeyaweka karibu yote kama nilivyoyasema, nimetoa tu zile "mnanisikia?" za kila dakika tano. Sheria ya uzi huu mnaijua: hatumtaji mwanasiasa kwa jina wala hatutaji chama. Tunachambua hoja. Ukileta jina la mtu wako kwenye majibu, tutalifuta na hatutakuuliza.

Haya, tuanze.

Ndugu zangu, kuna mijadala hapa nchini yenye msimu, kama maembe. Mjadala wa nikabu ni mmoja wao. Unapotea mwaka mzima, halafu pakitokea shambulio mahali, au kura zikikaribia, au klipu ikisambaa ya soja akibishana na mama mlangoni, unarudi. Mtu anapanda jukwaani anasema "ipigwe marufuku". Mwingine anapanda jukwaa la pili anasema "Uislamu unapigwa vita". Siku tatu moto unawaka, siku ya nne tumehamia bei ya unga. Na kila mara tunaishia pale pale tulipoanzia, kwa sababu tunabishana mambo matatu kwa mkupuo mmoja huku tukidhani ni jambo moja. Leo nataka tuyatenganishe, halafu nitawaambia ni lipi kati yake ndilo linalopiganiwa hasa.

Kwanza tuelewane kuhusu nguo zenyewe, maana nusu ya matusi ya mtandaoni ni watu wanaozungumzia nguo tofauti. Buibui ni lile vazi jeusi la juu, linafunika mwili. Hijabu au mtandio unafunika nywele na shingo, uso uko wazi kabisa. Nikabu ndiyo inayofunika uso na kuacha macho. Mitaani wanaiita "ninja", na wanaovaa hawalipendi jina hilo, basi tuliache. Burka ni ile ya Afghanistan yenye wavu mbele ya macho. Mimi burka Kenya sijaiona. Kwa hiyo kiongozi akisimama Nairobi akisema atapiga marufuku burka, muulizeni ni ipi hiyo. Na akisema wasichana wavue hijabu shuleni "kwa sababu ya usalama, tuone nyuso", mwambieni uso wa msichana mwenye hijabu anaona kila mtu. Hapo ameshachanganya kesi mbili.

Tuingie kwenye usalama, kwa sababu ndiyo hoja inayotangulia kila mara, na si hoja ya kipuuzi. Nchi hii imezika watu. Westgate Septemba 2013, Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015 ambako waliuawa watu 148. Mtu aliyempoteza mwanawe Garissa akiniambia anaogopa mtu asiyemwona uso, siwezi kumjibu na kifungu cha sheria. Hofu yake ni halali.

Lakini hofu halali bado inahitaji jibu linalofanya kazi. Septemba 2016, kwa maelezo ya polisi, wanawake watatu waliovaa buibui waliingia kituo cha polisi cha Central pale Mombasa wakisema wameibiwa simu. Mmoja akatoa kisu, bomu la petroli likarushwa, wote watatu wakapigwa risasi. Baada ya hapo kelele za "wavuliwe nikabu" zilipanda. Sasa hebu tufikirie pole pole. Kisu kilifichwa na nini? Si uso. Kisu hufichwa na nguo yoyote iliyo pana: buibui, kanzu, koti la mvua, hata begi la mgongoni la mwanafunzi. Kinachokamata kisu ni upekuzi wa mlangoni. Na upekuzi wa mwanamke, kwa heshima na kwa utaratibu wetu, unafanywa na mwanamke. Kwa hiyo swali la usalama ni hili: pale mlangoni kulikuwa na askari wa kike wa kupekua?

Tazameni pia majirani zetu wa Afrika ya Kati. Mwaka 2015, Congo-Brazzaville na Chad zilipiga marufuku kufunika uso, na Kamerun ikafanya hivyo kwenye mkoa wake wa Kaskazini ya Mbali. Chad ilitangaza marufuku yake siku chache baada ya mashambulizi ya N'Djamena ya mwezi Juni. Tarehe 11 Julai, hata mwezi haujaisha tangu marufuku hiyo, mwanamume aliyevaa mavazi ya kike na kufunika uso akajilipua kwenye soko kuu la mji huo huo. Sisemi marufuku ndiyo iliyomleta. Nasema mtu aliyeamua kufa haogopi kosa la mavazi. Anayeogopa ni mama anayeuza karanga sokoni, ambaye hana mpango wowote wa kumdhuru mtu.

Kuna upande mwingine wa usalama, nao ni kutambulika. Hapo mwenye nikabu anapaswa kuonyesha uso, na sijasikia hoja nzito ya kupinga hilo. Picha ya kitambulisho na ya pasipoti inapigwa uso ukiwa wazi, kichwa unaweza kukifunika. Uwanja wa ndege lazima afisa alinganishe sura na picha. Benki vile vile. Chumba cha mtihani vile vile. Wanawake wengi wanaovaa nikabu wanalijua hili na wanalifanya kila siku: anaingia pembeni, anamfunulia afisa wa kike, anafunika, anaendelea na safari. Kura nazo, mashine yetu ya kutambua wapiga kura inasoma alama za vidole, kwa hiyo hata ile hadithi ya "watapiga kura mara kumi wamejifunika" imeshajibiwa na kidole.

Ndiyo maana nasema swali la kutambulika lina jibu la dakika moja, na bei yake ni mshahara wa afisa mmoja wa kike na pazia. Basi ukimsikia mwanasiasa anapiga kelele za usalama, mtafutie bajeti. Je, kwenye kaunti yake, au kwenye wizara yake, ameomba pesa za kuongeza askari wa kike mlangoni mwa hospitali, kortini, kwenye vituo vya Huduma? Kama ameomba, mtu huyo anazungumza usalama, mheshimuni hata kama hamkubaliani naye. Kama hajaomba hata shilingi, kuna kitu kingine anachozungumza.

Niwape mfano wa karibu. Mimi sivai nikabu, shangazi yangu anavaa, tangu kabla sijazaliwa. Miaka michache nyuma alikwenda benki moja mjini kutoa pesa zake za kodi ya nyumba. Soja wa mlangoni akamwambia afunue uso pale pale, mbele ya foleni. Akaomba aitiwe mwanamke. Akaambiwa hakuna, na asipoteze wakati wa watu. Akageuka akaenda zake nyumbani. Tangu siku hiyo pesa zake zinatolewa na mwanawe. Kadi anayo kijana, namba ya siri anayo kijana. Mama wa miaka sitini na kitu aliyejenga vyumba vyake mwenyewe, leo akitaka elfu mbili zake anaomba. Benki ile usalama wake haukuongezeka hata kidogo siku ile.

Hilo linatuleta kwenye hoja ya pili, ile ya kusema "tunawakomboa". Hoja hii inapendwa sana na watu wasomi, na inasema hivi: hakuna mwanamke anayeweza kuchagua kufunika uso, nyuma yake kuna baba au mume au mhubiri, kwa hiyo sheria ikikataza itakuwa imemfungua.

Wapo wanaolazimishwa. Tusidanganyane. Wapo wasichana waliovishwa nikabu baada ya harusi na hawakuulizwa. Lakini wapo pia waliovaa huku mama zao wanalia wakiwaambia wavue. Wapo wanaovaa wakienda sokoni na kuvua wakienda kazini. Ukitaka kujua ni yupi, itabidi umuulize mwenyewe, na hapo ndipo mijadala yetu inapochekesha. Washa televisheni usiku wa mjadala wa nikabu. Wanaume wanne mezani, wawili wa kuunga mkono, wawili wa kupinga, na mtangazaji. Mwenye nikabu yuko kwenye ile picha ya nyuma yao, amepigwa bila ruhusa akivuka barabara.

Nchi iliyolijaribu jambo hili mapema na kwa ukamilifu ni Ufaransa, basi tukae nayo kidogo. Sheria yao ilitiwa saini Oktoba 2010 na kuanza kutumika Aprili 11, 2011. Haitaji Uislamu popote, haitaji nikabu. Inasema tu mtu asifiche uso mahali pa umma, isipokuwa kwa sababu kama afya, michezo au sherehe. Anayevaa anatozwa faini ya hadi euro 150, au anapelekwa kwenye mafunzo ya uraia, au vyote viwili. Anayemlazimisha mwanamke kuvaa anaweza kufungwa mwaka mmoja na kutozwa euro 30,000. Kwenye karatasi inapendeza: mlazimishaji ndiye mkosaji mkubwa. Barabarani mambo ni tofauti. Polisi hawezi kumwona mlazimishaji, yuko nyumbani anatazama mpira. Anayeonekana ni mwanamke. Ndiye anayesimamishwa, ndiye anayeandikiwa faini. Yule uliyesema unamkomboa ndiye unayemtoza.

Kesi ikafika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, kule Strasbourg. Aliyeshtaki alikuwa mwanamke Mfaransa aliyezaliwa Pakistan, jina lake likafichwa, wakatumia herufi tu: S.A.S. Alisema hakuna aliyemlazimisha, kwamba si kila siku anavaa, na kwamba yuko tayari kufunua uso benki na uwanja wa ndege. Hukumu ilitoka Julai 1, 2014, na ningependa kila mtu anayebishana juu ya nikabu aijue, kwa sababu majaji walifanya kile ambacho sisi hatufanyi: walizitenganisha hoja na kuzipima moja moja.

Usalama? Wakasema hapana, huwezi kukataza kila mahali, kila siku, kwa sababu ya usalama, wakati unaweza kumtaka mtu aonyeshe uso pale panapohitajika. Usawa wa wanawake? Wakasema serikali haiwezi kutumia usawa wa wanawake kuwakataza wanawake wanaolitetea vazi hilo wenyewe. Utu? Wakaikataa nayo. Mpaka hapo mngesema mama yule ameshinda. Hakushinda. Ilibaki hoja moja, Wafaransa wanaiita "kuishi pamoja": kwamba uso ni sehemu ya mazungumzo ya watu katika jamii, na serikali inaweza kulinda hali hiyo. Kwa hoja hiyo moja tu, majaji 15 dhidi ya 2 wakaiachia Ufaransa sheria yake.

Miaka minne baadaye, Oktoba 2018, Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ikatangaza uamuzi juu ya malalamiko ya wanawake wengine wawili wa Ufaransa na kuona kinyume: kwamba marufuku ya jumla imezidi kiasi na imevunja haki zao. Kamati ikaongeza jambo ambalo lilinikumbusha shangazi yangu, kwamba sheria ya aina hiyo, badala ya kuwalinda wanawake, inaweza kuwafungia nyumbani.

Sasa kabla upande wa pili hamjaanza kushangilia kwenye majibu, subirini. Mkono unaovua na mkono unaovisha ni wa mwili mmoja. Iran mwanamke analazimishwa na sheria kufunika nywele, na Septemba 2022 msichana wa miaka 22 alikufa baada ya kukamatwa na polisi wa maadili kwa sababu ya mavazi yake. Afghanistan, Mei 2022, watawala walitoa amri wanawake wafunike nyuso hadharani, na anayeadhibiwa mwanamke asipotii ni mwanamume wa nyumba yake, ili awe askari jela wa bure. Na hapa kwetu hatuna ubora wa kujisifia. Novemba 2014 wanawake walivuliwa nguo na makundi ya wanaume katikati ya Nairobi, eti wamevaa vifupi. Wanawake wakaandamana, na mwisho wa mwaka huo sheria ikabadilishwa, kumvua mtu nguo kukawa kosa la kifungo cha miaka isiyopungua kumi. Wale wanaume wa stendi walitumia maneno gani? Utamaduni wetu, maadili yetu, tunamsaidia. Sikilizeni vizuri maneno ya anayetaka nikabu ivuliwe na ya anayetaka kila mwanamke aivae. Ni yale yale.

Na wahubiri wetu nao wasitufanye watoto. Wanazuoni wa Kiislamu wamekhitalifiana kuhusu kufunika uso tangu zamani. Wapo walioona ni wajibu, wapo walioona ni sunna au jambo jema, na wapo walioona uso na viganja si lazima kufunikwa. Mwanamke akihirimia hija havai nikabu. Mwaka 2009 Sheikh Tantawi, aliyekuwa mkuu wa Al-Azhar, alitaka nikabu isivaliwe kwenye madarasa ya wasichana ya taasisi hiyo. Tunisia waliizuia kwenye ofisi za serikali mwaka 2019, Misri wakaizuia shuleni mwaka 2023. Unaweza kuwapinga wote hao, ni haki yako. Lakini huwezi kusema kila anayehoji nikabu ni adui wa Uislamu, kwa sababu baadhi yao walikuwa wanaswalisha.

Basi, hoja ya tatu. Hii ndiyo niliyosema inapiganiwa hasa, na mahakama ya Strasbourg imetusaidia kuiona kwa sababu ndiyo iliyobaki baada ya nyingine kuanguka. Swali lake ni: nyinyi ni wetu au si wetu?

Angalieni hesabu. Ufaransa ilipokuwa ikijadili sheria ile, makadirio ya serikali yenyewe yalikuwa wanawake kama 1,900 waliofunika uso, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 60. Uswisi walipiga kura ya maoni Machi 7, 2021, na marufuku ikapita kwa asilimia 51.2. Wanaovaa nikabu Uswisi walikadiriwa kuwa makumi machache tu. Nchi nzima ilipanga foleni kupiga kura juu ya watu wanaotosha kwenye matatu mbili. Huwezi kuniambia hiyo ilikuwa kura ya usalama. Ilikuwa kura ya kusema nani ni mwenyeji na nani ni mgeni, na wale akina mama wakafanywa karatasi ya kuandikia jibu.

Kwetu swali hilo linakuja kwa sauti nyingine: "Hiyo si desturi ya Kiafrika, ni ya Waarabu." Pwani inajua hadithi ndefu kuliko hiyo. Lamu, wanawake wa nyumba kubwa walikuwa wakitoka ndani ya shiraa, kitambaa kama hema kilichobebwa na watumwa wao. Unguja, wanawake wa jumba la Sultani walivaa barakoa usoni. Mtumwa hakuruhusiwa kujifunika hivyo. Kufunikwa kulikuwa cheo cha mwungwana. Utumwa ulipofutwa, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, wanawake waliokuwa watumwa wakaanza kuvaa nguo walizokatazwa, na buibui lilipoenea likavaliwa na kila mtu, bibi na mjakazi wa jana. Bibi zetu walivuta buibui likafika usoni wakipita mbele ya wanaume, wakafika kwa jirani wakaliacha. Ni kweli, nikabu ya kushonwa kama inavyovaliwa leo Mombasa na Eastleigh imeenea zaidi miaka ya karibuni, na mitindo yake mingi inatoka Ghuba. Lakini kumwambia mwanamke wa Mji wa Kale kwamba kufunika uso kumeletwa juzi na wageni ni kutojua kwao. Na kwa mwanamke mwenye asili ya utumwa, lile vazi lilimaanisha "mimi si mali ya mtu." Kitu kile kile ambacho wengine wanakiona pingu.

Na neno barakoa mnajua lilivyotufikia sote. Aprili 2020 serikali ikaamuru kila mtu afunike pua na mdomo hadharani, ukikiuka faini hadi shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita. Tulikwenda benki hivyo. Tulipanda ndege hivyo. Afisa alisema "shusha kidogo", tukashusha, akaangalia, tukapandisha. Wafaransa nao walilazimishana barakoa huku sheria yao ya 2010 ingali hai, kwa kuwa sababu ya afya imo ndani yake. Hoja ya "kuishi pamoja" ina uzito wake, nakiri. Mtu akizungumza nami ninapenda nimwone anavyocheka. Mbunge mmoja wa Uingereza mwaka 2006 alizua zogo kwa kuandika kwamba huwaomba wanawake wanaokuja kwake wafunue uso ili wazungumze vizuri. Kuomba mtu, nayo ni haki yake. Mwanamke kukataa, nayo ni haki yake. Tatizo linaanza pale ombi linapovaa sare ya polisi.

Sasa sheria yetu. Kenya hakuna sheria inayokataza nikabu. Anayetaka kuileta atakutana na Katiba. Kifungu cha 27 kinakataza serikali kumbagua mtu, na kinaorodhesha misingi: rangi, jinsia, ulemavu, dini, utamaduni na kadhalika, na ndani ya orodha hiyo limo neno mavazi. Someni wenyewe. Kifungu cha 32 kinasema mtu asinyimwe kazi, huduma wala kuingia taasisi kwa sababu ya imani yake. Haki hizi zinaweza kuwekewa mipaka, ndiyo kazi ya Kifungu cha 24, lakini kwa sheria, kwa sababu inayokubalika katika nchi huru ya kidemokrasia, na baada ya kuuliza kama hakuna njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lile lile. Sasa mnaona kwa nini nilirudia sana habari ya afisa wa kike na pazia. Njia nyepesi ipo. Wakili yeyote wa mwaka wa kwanza ataitaja.

Kesi tuliyo nayo ya karibu si ya nikabu, ni ya hijabu, kwenye shule ya sekondari Isiolo. Mahakama ya Rufaa mwaka 2016 iliwapa wasichana ruhusa ya kuvaa. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo, na hapa wengi wanapotosha: haikusema hijabu ni haramu shuleni. Ilisema suala lile liliingizwa kortini kwa utaratibu usio sahihi. Kwa hiyo anayekwambia "Mahakama ya Juu ilishapiga marufuku" hajaisoma, au ameisoma anakuficha.

Je, kuna mahali uso lazima uwe wazi zaidi ya dakika moja? Nadhani papo. Shahidi kortini, kwa mfano, maisha ya mtu mwingine yanaweza kutegemea anavyojibu. London mwaka 2013 jaji alikuwa na mshtakiwa mwenye nikabu. Akaamua: avae kesi ikiendelea, avue wakati wa kutoa ushahidi, na awekewe pazia ili wamwone jaji, baraza la wazee wa mahakama na mawakili tu, si umati. Hamwoni? Jaji mmoja na pazia alifika mahali ambapo mabunge mazima yameshindwa kufika.

Nimalizie na maswali mawili yaliyokuja mwishoni mwa kikao, maana niliahidi kuyajibu kwa maandishi.

Kaka mmoja aliuliza: mimi ni wakala wa M-Pesa, mama mwenye nikabu amekuja kutoa pesa na kitambulisho, nifanye nini? Kaka, una haki ya kuhakikisha ni yeye, pesa zikiibiwa utaulizwa wewe. Mwambie, "Mama, samahani, nahitaji kulinganisha na picha, unapenda aangalie dada wa duka la pili?" Wengi watakufunulia hapo hapo nyuma ya kaunta. Akikataa kabisa, usimpe, lakini usimpigie kelele. Na usirekodi video.

Dada mwingine, sauti ilikuwa chini sana, aliuliza: je, kazini wakisema nivue na nyumbani wakisema nivae, sheria inasimama na nani? Kwa mwajiri, Kifungu cha 32 kinasimama na wewe, isipokuwa athibitishe kazi yenyewe inahitaji uso wazi. Nyumbani, kifungu hicho hicho kina sehemu ya nne: mtu asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume na imani yake. Kwa hiyo hata wa nyumbani hana ruhusa ya kukulazimisha. Nilimuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Akakaa kimya kidogo, akasema hiyo ndiyo mara ya kwanza kuulizwa, nipe siku mbili. Dada, zikifika, sanduku la ujumbe liko wazi.